Pasipoti ya Doha Aliyoikataa Oliech

Tangu Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, watolewe na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali ya CHAN, Agosti 2025, mabishano ya kandanda hapa Galbet, Garissa, yamebaki palepale. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 litachezwa Kenya, Uganda na Tanzania, na watu wanauliza nani atafunga mabao. Kundi moja linataka watafutwe vijana waliozaliwa Ulaya kwa wazazi Wakenya, wapewe pasipoti na jezi upesi. Kundi jingine linasema vijana hao huikumbuka Kenya pale tu wanapokosa nafasi kwingine. Maneno huanza baada ya swala ya Alasiri, na kabla ya Magharibi jina la mshambuliaji Dennis Oliech huwa limeshatajwa, mara nyingi na vijana ambao hawakumwona akicheza.

Aliyenisaidia kuipanga historia hii ni mwalimu mstaafu aliyefunza timu za watoto mjini Garissa, na ambaye bado anahifadhi vipande vya magazeti ya miaka ile. Ukimwuliza habari za Oliech, haanzi na mabao. Anaanza na Doha. Nimemfuata, kwa sababu naamini huko ndiko uliko uzito wa habari yenyewe.

Mwanzo wake unajulikana. Oliech alizaliwa Nairobi tarehe 2 Februari 1985, akacheza Dagoretti Santos, kisha Mathare United, klabu iliyoundwa mwaka 1994 kutokana na MYSA, mpango ulioanzishwa na Bob Munro mwaka 1987 kwa watoto wa Mathare. Huko timu ya watoto ilipata pointi kwa kushinda mechi na pia kwa kuzoa taka mtaani, na mwalimu wangu alijaribu utaratibu huohuo Garissa. Oliech alikuwa na mbio, kifua kipana na ujasiri wa kumvaa beki aliyemzidi umri. Julai 2003, akiwa na miaka 18, aliifungia Kenya bao dhidi ya Cape Verde jijini Nairobi, Stars ya kocha Jacob Mulee ikafuzu Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1992. Maneno yake mawili mbele ya kamera, "Mungu iko", yakawa msemo wa nchi nzima. Hata huku, ambako habari za Nairobi zilifika kwa redio na kwa magazeti yaliyopanda basi, watoto walikuwa wakiyasema kila wakifunga.

Mwaka huohuo alisajiliwa na Al-Arabi ya Qatar. Ligi ya huko ilikuwa ikinunua nyota waliokaribia kustaafu, na mtoto wa Nairobi akajikuta klabu moja na Gabriel Batistuta wa Argentina, ambaye msimu ule alifunga mabao 25, na Stefan Effenberg, aliyekuwa nahodha wa Bayern Munich ilipotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2001. Kwa mshambuliaji wa miaka 18 ilikuwa shule. Lakini Qatar ya wakati ule haikununua huduma za wachezaji peke yake. Ilikuwa inajiandaa kwa Michezo ya Asia ya 2006 mjini Doha, wananchi wake walikuwa wachache, na ilitaka medali. Ikaanza kutoa uraia kwa wanamichezo.

Kenya ilikuwa imeshaonja hilo, na jeraha lilikuwa bichi. Agosti 2003 Stephen Cherono, mkimbiaji wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alichukua uraia wa Qatar na jina jipya, Saif Saaeed Shaheen. Wiki chache baadaye alishinda ubingwa wa dunia mjini Paris akimwacha nyuma Mkenya Ezekiel Kemboi. Wimbo uliopigwa ukawa wa Qatar. Kakake, Christopher Kosgei, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio hizohizo mwaka 1999, hakufurahia ushindi ule. Magazeti yalijaa hasira. Wako waliomwita Cherono msaliti, na wako waliouliza Kenya ilikuwa imempa nini hata imdai uaminifu. Mwaka uliofuata Kenya ilikataa kumruhusu aiwakilishe Qatar kwenye Olimpiki ya Athens, kwa sababu muda wa kusubiri uliowekwa na kanuni ulikuwa haujaisha. Baada ya Olimpiki, Septemba 2004, akavunja rekodi ya dunia mjini Brussels kwa dakika 7 na sekunde 53.63. Mwalimu ana picha ya mbio zile, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu majina yote mawili, la kwanza na la pili, bila kufuta lolote.

Ni katika hewa hiyo Oliech naye alipotakiwa abadili uraia aichezee Qatar. Akakataa. Magazeti ya wakati ule hayakukubaliana juu ya kiasi cha fedha alichoahidiwa, na sioni haja ya kuchagua tarakimu moja. Hakukuwa na hotuba wala mkutano na wanahabari wenye bendera. Aliendelea kufunga mabao Doha na kupanda ndege kurudi kuichezea Kenya.

Hapo ndipo ubishi wa Galbet hupamba moto. Wajuzi wa kanuni husema ofa ile haikuwa na miguu. Kijana alikuwa ameshaichezea timu ya wakubwa ya Kenya katika mechi za kufuzu, na FIFA haikuruhusu mtu wa namna hiyo kuhama taifa. Isitoshe, Qatar ilipowaendea Wabrazili waliokuwa wakicheza Ujerumani, Aílton wa Werder Bremen, Dedé wa Borussia Dortmund na nduguye Leandro, ambao hawakuwa na uhusiano wowote na nchi hiyo, FIFA ilichukua hatua. Machi 2004 ilitoa agizo la dharura kwamba mchezaji lazima awe na mzazi au babu aliyezaliwa katika nchi anayotaka kuichezea, au awe ameishi huko kwa miaka miwili. Basi, wanasema, Oliech alikataa kitu ambacho hakingewezekana.

Mwalimu huwajibu kwa utulivu, na mimi naungana naye. Kijana wa miaka 18 aliyealikwa kuzungumza na wakubwa wa nchi tajiri hasomi kanuni za FIFA kabla ya kujibu. Tena kilichokuwa mezani kilizidi jezi. Katiba ya Kenya ya wakati ule haikutambua uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Ruhusa hiyo ilikuja na Katiba ya 2010. Kwa hiyo kukubali Qatar mwaka 2003 au 2004 kulimaanisha kuuacha Ukenya, kitambulisho na pasipoti pamoja, na kurudi Nairobi kwa mama yako ukiwa mgeni mwenye viza. Cherono alikubali bei hiyo, na simlaumu, kwa maana mwili wa mwanariadha una miaka michache ya kuvuna. Oliech aliitazama bei hiyohiyo akasema hapana, wakati shirikisho la kandanda la nchi yake halikuwa limemfanyia lolote la kumshawishi abaki.

Malipo ya hapana ile yalionekana Tunisia, kwenye fainali za Kombe la Afrika. Kenya ilifungwa 3-1 na Mali, kisha 3-0 na Senegal. Mechi ya mwisho ya kundi, tarehe 2 Februari 2004, siku Oliech alipotimiza miaka 19, Stars iliichapa Burkina Faso 3-0 mjini Bizerte kwa mabao ya Emmanuel Ake, Oliech na John Baraza. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali za Kombe la Afrika, baada ya safari za 1972, 1988, 1990 na 1992 zisizo na hata mmoja. Miezi michache baadaye ugomvi wa viongozi uliifanya FIFA kuisimamisha Kenya, na mwaka 2006 ikaisimamisha tena. Mchezaji aliyeikataa Qatar kwa ajili ya Kenya akakaa akingoja wazee wa ofisini wapatane ndipo apate mechi ya kucheza.

Ufaransa alifika mwaka 2005, Nantes, klabu iliyokuwa inazama. Mwaka 2007 iliteremka daraja baada ya miaka 44 mfululizo ya ligi kuu, na Oliech akahamia Auxerre. Huko ndiko alikocheza kandanda yake bora ya klabu, chini ya kocha Jean Fernandez na bega kwa bega na Mpolandi Ireneusz Jeleń. Auxerre ni mji mdogo, usiofikia Garissa kwa idadi ya watu, na bado msimu wa 2009/10 klabu yake ilimaliza ya tatu Ufaransa. Agosti 2010 iliitoa Zenit St Petersburg kwenye mchujo ikaingia Ligi ya Mabingwa, kundi moja na Real Madrid, AC Milan na Ajax. Ilishinda mechi moja tu, dhidi ya Ajax nyumbani, ikamaliza mkiani. Kwa watazamaji wa hapa matokeo hayakuwa shida. Kumbi za video za mjini zilibandika ubao wa Auxerre juu ya ule wa Manchester United, jambo ambalo halikuwahi kutokea na sidhani litatokea tena.

Baadaye alikwenda Ajaccio kisiwani Corsica, ambako mambo yaliisha kwa kutoelewana na klabu, kisha Dubai kwa muda mfupi. Januari 2019 alirudi nyumbani kuichezea Gor Mahia akikaribia miaka 34, baada ya kukaa muda mrefu bila timu. Gor ilitwaa ubingwa msimu huo, lakini kabla ya mwaka kwisha pande mbili zilikuwa zimeachana vibaya. Mtu aliyeifungia Kenya mabao zaidi ya 30 hakuagwa kwa mechi ya heshima.

Hilo ni aibu ya Nairobi. Letu hapa ni jingine, na ndilo lililomfanya mwalimu afungue makabrasha yake. Oliech alikuwa na Ukenya mkononi, akaombwa auache. Vijana wa Galbet kwa miaka mingi wameuomba Ukenya uleule wakaambiwa wasubiri. Tangu Wasomali wa Kenya walipopigwa msasa kuhusu uraia wao mwaka 1989, kijana wa huku aliyetimiza miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama, akadaiwa stakabadhi za baba na wakati mwingine za babu, mambo ambayo mwenzake wa Nyeri au Kisumu hakuulizwa. Wako walio na shida kubwa zaidi. Wakati wa ukame, familia nyingi za Wakenya zilijiandikisha katika kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991, ili zipate mgao wa chakula. Alama za vidole za watoto wao zikabaki kwenye sajili ya wakimbizi, na walipokwenda kuomba kitambulisho wakajibiwa kwamba wao si Wakenya. Ni makumi ya maelfu ya watu.

Kandanda inaingiaje hapo? Klabu inayotaka kumsajili kijana kwenye ligi ya shirikisho huanza na karatasi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, na akisafiri, pasipoti. Mwalimu anasema amewaona washambuliaji wazuri wa timu zake wakiishia kwenye mashindano ya Ramadhani ya mtaani, ambako hakuna anayeuliza namba ya kitambulisho. Wengine walitoka kwa mlango wa ukimbizi wakapata kwingine walichonyimwa hapa. Awer Mabil alizaliwa kambi ya Kakuma kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, akakulia Australia, na Juni 2022, nchini Qatar, alifunga moja ya penalti zilizoipeleka Australia Kombe la Dunia. Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa katika familia iliyokimbia vita vya Somalia, akapitia Kakuma, akahamia Marekani na kuwa mshambuliaji wa Seattle Sounders. Hata Divock Origi, ambaye si mkimbizi bali mtoto wa mwanasoka Mkenya Mike Okoth aliyetwaa ubingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 1999, aliifungia Ubelgiji bao la ushindi dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia la 2014, akiwa na miaka 19. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyeisaliti Kenya.

Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kufutwa kwa msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho. Tumeupokea uamuzi huo kwa shukrani, na ulichelewa mno. Waliomo kwenye sajili ya wakimbizi bado wanangoja kuondolewa mmoja mmoja. Wale wanaotaka maskauti watumwe Brussels na London kutafuta damu ya Kenya wangeanza na hapa kwetu. Shirikisho la kandanda na ofisi ya msajili wa watu wanaweza kukaa meza moja kwenye uwanja wa Garissa Primary siku ya mashindano, na kila mtoto anayevua viatu vya mpira akaingia kwenye foleni ya kupata karatasi zake. Mwalimu ameshaandaa orodha ya majina ya vijana wake, wengi wao waliozaliwa mwaka 2008 na 2009, na anasema yuko tayari kwenda kuwatambulisha yeye mwenyewe.