Njia ya Bahari Iliyoanzia Kitui

Ludwig Krapf alipowasili Kitui mwishoni mwa Novemba 1849, mwenyeji wake hakuhitaji kuelezwa bahari ni nini. Kivui Mwenda alikwisha kuifikia pwani na misafara yake ya pembe za ndovu, akarudi na nguo, shanga na habari. Mgeni wa njia alikuwa Krapf mwenyewe, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai, nyuma ya Mombasa. Kutoka Rabai hadi Kitui alipita mahali ambapo Wakamba walikuwa wamekwisha kupitia tangu enzi za babu zao.

Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, aliuona mlima wenye vilele viwili vilivyochomoza kama pembe. Wakamba waliuita Kĩĩnyaa. Krapf akaliandika jina hilo kama alivyolisikia, na kutokana na maandishi ya aina hiyo nchi nzima ikaja kuitwa Kenya. Vitabu vingi hulisimulia tukio hilo kama ugunduzi wa Mzungu. Ukilitazama kutoka Ukambani, jambo linalovutia zaidi ni mwenyeji aliyempa habari za mlima huo: mfanyabiashara wa bara ambaye upande mmoja aliijua nchi ya mlima wenye theluji, na upande wa pili alizijua bandari za Waswahili. Kitui ilikaa katikati ya safari hizo mbili.

Kitui ya wakati huo haikuwa mji wa maduka na kituo cha matatu. Ilikuwa nchi ya vijiji vilivyotawanyika juu ya vilima, na jina lake huhusishwa na wahunzi, kwa Kikamba atui, waliofua chuma huko. Hata hivyo ilikuwa na kila kitu ambacho msafiri wa masafa marefu hukitaka kabla ya kufunga mzigo: soko la kubadilishana vitu, akiba ya chakula, vijana wa kubeba, na viongozi waliojua visima. Aliyetaka kwenda pwani hakutoka nyumbani peke yake akaenda. Alikwenda kwanza Kitui, akangoja wenzake.

Njaa ndiyo iliyoifungua njia hiyo. Ukambani ni nchi ya mvua za wasiwasi, hasa upande wa mashariki na kusini, na Wakamba wana neno kuthuua kwa kazi ya kutoka nyumbani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Kaya iliyokosa mavuno ilichukua ilicho nacho, ikaenda kwa majirani waliopata mvua, ikarudi na nafaka. Kwa kuthuua watu walijifunza njia, wakapata marafiki wa mbali, wakaapiana undugu wa damu na watu wa makabila mengine. Njaa ilipopita, urafiki ulibaki, na njia ikageuka ya biashara. Kufikia mwanzo wa karne ya 19, mitandao hiyo ilikuwa imeshafika bahari.

Bidhaa kuu ilikuwa pembe za ndovu. Wakamba walikuwa wawindaji hodari wa upinde, na sumu yao ya mishale ilijulikana mbali. Pamoja na pembe walichukua ng'ombe, mbuzi, asali na pembe za kifaru. Walirudi na chumvi, shanga, nyaya za shaba na vitambaa, hasa merikani, ile nguo ya pamba ambayo jina lake linataja nchi ilikofumwa. Mnamo 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Zanzibar, na vitambaa vya viwanda vya Massachusetts vikamiminika Zanzibar na Mombasa. Pembe zilikwenda India, Ulaya, na hadi miji ya Connecticut kama Deep River na Ivoryton, ambako zilikatwa vibao vya kinanda. Mtu wa Kitui aliyevaa merikani na mtoto wa Marekani aliyejifunza kupiga kinanda walikuwa wameunganishwa na njia moja, ingawa hakuna aliyemjua mwenzake.

Misafara ilikuwa ya mamia ya watu, na kulikuwa na sababu ya wingi huo. Kutoka Kitui njia ilishuka kusini, ikavuka uwanda wa Yatta na mto Athi, ikapita Kikumbulyu, yaani nchi ya Kibwezi katika Makueni ya leo, kisha Tsavo na vilima vya Wataita. Baada ya hapo lilibaki jangwa la Taru. Huko maji yalipatikana katika ngurunga, mashimo ya mwambani yanayojaa mvua inaponyesha na kukauka bila huruma isiponyesha. Kulikuwa na hofu ya kushambuliwa na Wamasai na Waoromo. Kwa hiyo msafara ulihitaji kiongozi, mũthiani, mtu aliyeaminiwa kwa uhodari wa vita na uwindaji, na kwa kuchagua siku ya kuondoka na mahali pa kulala.

Safari haikuishia mchangani. Ukingo wa pwani ulikuwa na wenyewe, Wamijikenda, ambao walisimama kati ya watu wa bara na wafanyabiashara wa Mombasa. Wakamba wakafanya nao undugu, na baadhi yao wakabaki. Vijiji vya Wakamba vikaota karibu na Rabai, vikawa nyumba za kupokea misafara: hapo ndipo msafiri kutoka Kitui alipopumzisha mabega, akaulizia bei, akajua jahazi gani limeingia. Jina la Mariakani, mji ulio kwenye barabara kuu ya Mombasa, husimuliwa kuwa limetokana na mariaka, yaani maziaka ya mishale, kumbukumbu ya watu wa upinde waliopita na kutua hapo.

Kwa hiyo njia ilikuwa na kituo cha kuondokea bara na kituo cha kufikia karibu na maji, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa Wakamba. Hilo ndilo lililowapa nguvu ya kupanga bei.

Nguvu hiyo haikudumu. Krapf alirudi Ukambani mwaka 1851, akitaka kuanzisha kituo cha misheni Yatta. Agosti mwaka huo alifuatana na Kivui kuelekea mto Tana. Walivamiwa njiani, Kivui akauawa, na Krapf akanusurika kwa kutembea usiku na kunywa maji aliyoyabeba ndani ya mitutu ya bunduki yake. Hakuna aliyeziba kikamilifu nafasi ya Kivui. Isitoshe, ndovu walikuwa wakipungua karibu na Kitui, na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walikuwa wamechoka kungoja pembe ziletwe. Katika miongo iliyofuata walipandisha misafara yao wenyewe, yenye bunduki na mitaji kutoka Zanzibar. Kitui ikageuka kuwa kambi yao ya kupumzikia, na pamoja na pembe wakachukua watu. Njia ile ile iliyowapeleka Wakamba baharini kwa hiari ikawapeleka wengine utumwani.

Wamisionari nao waliifuata njia hiyo kutoka upande wa maji. Walutheri wa Kijerumani walianza mwaka 1886 kwa Wakamba waliokaa Jimba, karibu na Rabai, kisha wakapanda hadi Ikutha. Waskoti walifungua misheni Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifika Nzaui, Makueni, Desemba 1895, na kabla mwaka uliofuata haujaisha alikuwa amefariki.

Halafu ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikachelewa Tsavo mwaka 1898 ambako simba waliwaua wafanyakazi kwa miezi mingi, ikafika Nairobi mwaka 1899. Nyakati hizo hizo Ukambani ulikuwa umeshikwa na njaa iliyoitwa Ngomanisye, ile iliyofika kila mahali. Wazee wa Ukambani husimulia kwamba Syokimau, nabii wa kike, aliiona reli hiyo mapema: nyoka mrefu angetoka kwenye maji mpaka kwenye maji mengine. Kufikia Desemba 1901 nyoka huyo alikuwa ameligusa Ziwa Viktoria.

Nyoka huyo hakupita Kitui. Wahandisi waliifuata ardhi ya Makueni, na uamuzi huo ukahamisha mlango wa pwani kutoka Ukambani wa mashariki hadi Ukambani wa kusini. Vituo vilivyozaliwa kandokando ya reli bado vinasomeka kama ukurasa wa historia. Mtito Andei ni msitu wa tai wala mizoga, mũtitu wa ndei. Makindu ni mahali pa mikindu. Reli iliweka karakana na wafanyakazi wake hapo, na hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 lingali linawalisha wasafiri bila malipo. Sultan Hamud imebeba jina la Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Jina la sultani wa visiwani liko katikati ya malisho ya bara, mbali na mnazi wowote.

Kitui, iliyokuwa chanzo cha njia, ikabaki pembeni. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtu wa Kitui aliyetaka kwenda Mombasa kwa gari alielekea kwanza magharibi, upande wa Machakos, ili aipate barabara kuu, kisha ndipo ashuke kuelekea mashariki. Njia ya mkato ya Mutomo na Ikutha ilikuwepo, lakini ilikuwa ya vumbi na ya mito inayokatiza mvua inaponyesha.

Hata hivyo Wakamba hawakuacha kwenda pwani. Wengine walipelekwa kwa nguvu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowapunguzia watu mifugo kwa lazima, Muindi Mbingu aliongoza maandamano ya maelfu hadi Nairobi. Adhabu yake ilikuwa kuhamishiwa Lamu. Wengine walitafuta ardhi. Katika miaka ya 1950 familia za Wakamba zilihamia Shimba Hills, Kwale, katika mpango wa makazi wa serikali, zikalima mahali ambapo upepo wa bahari hufika.

Waliobuni njia mpya kabisa ya kuishi kwa kuutegemea ufuko ni wachongaji. Mutisya Munge wa Wamunyu, ng'ambo kidogo tu ya Kitui, alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi wa kuchonga miti. Akawafundisha wengine, na kazi ikaenea hadi ikawa ya nchi nzima ya Ukambani. Utalii ulipokua, vinyago vilimfuata mnunuzi hadi pwani, na Changamwe, Mombasa, kikaundwa chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba. Ukitazama vizuri utaona umbo la zamani: ufundi unatoka bara, jamaa wanapokea karibu na maji, na fedha zinarudi nyumbani kujenga.

Kwa vizazi, basi, mtu wa Kitui au Makueni alikwenda baharini akiwa na shughuli. Kwenda kwa ajili ya bahari yenyewe, kukanyaga mchanga na kurudi, ni desturi changa. Iliingia kwa ziara za shule, za vikundi vya kanisa na vyama vya akina mama, kwa likizo za Desemba, na kwa jamaa aliyepata kazi Mombasa na kuwaita wadogo zake. Safari hiyo pia huanzia sokoni. Nauli huchangwa, basi hukodiwa, na watu hukusanyika Wote, Emali au Kibwezi kabla ya alfajiri, kama msafara ulivyokusanyika Kitui.

Mambo mawili yamefupisha njia hiyo. La kwanza ni reli mpya iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Treni yake ya abiria inayosimama njiani hutua Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na mtu wa Makueni anaweza kulala nyumbani, akaiona bahari mchana. La pili ni lami. Barabara ya Kibwezi, Ikutha, Mutomo hadi Kitui, yenye urefu wa karibu kilomita 190 ukiifuata mpaka Migwani, imejengwa upya katika miaka ya karibuni. Kwa mtu wa Kitui, Mombasa imerudi kuwa upande wa kusini, pale ilipokuwa siku za Kivui. Hahitaji tena kuielekea Nairobi kwanza.

Mizigo nayo imerudi njiani. Maembe na machungwa ya Makueni hushuka hadi soko la Kongowea, na ndengu za Kitui husafiri kwa magunia. Pamoja nayo kuna bidhaa moja inayoweza kumpita mtu asiyeangalia. Mibuyu, ile miti minene ya Mutomo, Kibwezi na Mtito Andei, huzaa matunda yenye ngozi ya mahameli, na watoto huyaokota. Sehemu ya matunda hayo huuzwa pwani. Huko mbegu hupikwa kwa sukari, iliki na rangi nyekundu, zikafungwa katika vifuko vidogo na kuwa mabuyu ya Mombasa. Wanafunzi waliokwenda kuuona ufuko wa umma wa Bamburi huyanunua kabla ya kupanda basi la kurudi, na wanaposhuka Kibwezi jioni, ndimi zao nyekundu na viatu vyao vimejaa mchanga, huwa wameurudisha nyumbani ubuyu ulioondoka huko kwa gunia.