Bandari ya Bujumbura na Mwanya wa Mkataba wa CITES: Sokwe Mtu wa Ziwa Tanganyika, 1975–1996

Makala haya yanahoji kwamba historia ya ulinzi wa sokwe mtu katika Ziwa Tanganyika haiwezi kueleweka kwa kutazama misitu peke yake. Tangu Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960, mengi yameandikwa kuhusu sokwe wa ufuo huo wa mashariki. Bandari iliyo kaskazini yao, kwenye ncha ya ziwa hilohilo, imeachiwa wanahistoria wa uchumi, kana kwamba sokwe na gati havihusiani.

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, yaani CITES, ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika 1 Julai 1975. Kufikia 1977 sokwe mtu alikuwa amewekwa katika Kiambatisho cha Kwanza, kinachozuia biashara ya kujipatia faida. Zaire ilijiunga 1976, Tanzania 1979, Rwanda 1980. Burundi, ambayo haina jirani mwingine wa nchi kavu zaidi ya hao watatu, ilibaki nje hadi Agosti 1988. Kwa takriban miaka minane, basi, Bujumbura ilikuwa tundu katikati ya wavu.

Tundu hilo lilikuwa na uhalali wake. Ibara ya Kumi ya Mkataba inaruhusu nchi mwanachama kupokea, kutoka kwa nchi isiyo mwanachama, hati zinazolingana na vibali vya CITES. Kilichovuka ziwa kutoka upande wa Zaire bila karatasi yoyote kiliweza kupata karatasi Bujumbura. Aidha, mazoea ya kupitisha shehena pasipo kufunguliwa ni ya kale kuliko Mkataba wenyewe: makubaliano ya 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji yaliwapa Wabelgiji maeneo yao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, ambako mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ilipita bila ushuru wa Tanganyika. CITES nayo, katika Ibara ya Saba, ilisamehe bidhaa zilizo safarini chini ya udhibiti wa forodha.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa pembe za ndovu. Mwaka 1986, shehena zilizokuwapo ziliporuhusiwa kuandikishwa, Burundi, nchi ambayo haikuwa na makundi ya tembo, ilionekana kuwa na takriban tani 90. Kwa kuandikishwa huko, magendo yakawa mali halali. Serikali ya Pierre Buyoya, iliyotwaa madaraka Septemba 1987, ilipiga marufuku biashara hiyo, na mwaka uliofuata nchi ikajiunga na Mkataba.

Msomaji anaweza kuuliza pembe zinatafuta nini katika makala ya sokwe. Pembe hupimwa kwa mizani na kuandikwa daftarini. Mtoto wa sokwe hubebwa kikapuni, na akifa njiani hutupwa. Mama yake huwa ameuawa kabla hajashikwa, mara nyingi pamoja na wengine wa kundi. Mwanahistoria anayesubiri takwimu za forodha kuhusu sokwe atasubiri sana, hivyo hana budi kuisoma njia kupitia bidhaa nyingine iliyoitumia.

Kujiunga kulifunga tundu la hati na kufungua suala jingine. Ibara ya Nane inataka mnyama hai aliyekamatwa arudishwe alikotoka, au apelekwe kituo cha uokozi. Arudishwe wapi yatima asiyejua kutafuta chakula, ambaye kundi lake limeuawa? Bujumbura ilipata kituo, lakini kiliendeshwa na Taasisi ya Jane Goodall, si kwa bajeti ya forodha. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993 na vita kuzuka, sokwe hao, 20 hivi, walihamishiwa kwa awamu Sweetwaters, Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Kenya haina sokwe mtu wa porini hata mmoja. Imebeba gharama za njia iliyopita katika nchi nyingine. Na kwa kuwa spishi hiyo ni ya Kiambatisho cha Kwanza, hata safari hiyo ya kuwaokoa ilihitaji vibali vya pande mbili, vita vikiendelea.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, na Kongo 2022. Kati ya nchi nne za ziwa hilo, Zambia pekee ndiyo iliyo nje, na taratibu za forodha za Bujumbura, Kigoma, Uvira na Kalemie zinazidi kuelekezwa kufanana. Wanaoziandika wataulizwa zaidi kuhusu ushuru na muda wa meli gatini. Ingefaa waandike pia ni nani anampokea mnyama hai kutoka mikononi mwa afisa wa forodha, ndani ya saa ngapi, na kwa fedha za fungu lipi.