Ujira, Posho na Kodi: Malipo ya Kazi Iringa na Mbeya Tangu Ukoloni

Historia ya ujira katika Nyanda za Juu Kusini haiwezi kusomwa kwa kulinganisha tarakimu za mishahara peke yake, kwa kuwa shilingi 10 za mchimbaji wa Lupa, za mchuma chai wa Mufindi na za tarishi wa bomani hazikununua kitu kimoja wala hazikupatikana kwa idadi moja ya siku. Tofauti hizo zilitokana na kodi, chakula cha kazini na namna siku za kazi zilivyohesabiwa; na nyuma ya yote hayo ulikuwepo msimamo wa watawala na waajiri kwamba Iringa, Njombe na Rungwe zilikuwa ghala la nguvukazi, mahali pa kuchukulia watu wa kwenda kufanya kazi kwingine.

Kabla ya sarafu kuenea, malipo yalikuwa bidhaa. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin, waliofika Unyakyusa mwaka 1891, waliwalipa wajenzi na wapagazi wao kwa nguo na shanga, na kijana aliyefanya kazi misheni aliweza kuiacha mara alipopata alichokitaka. Uhuru huo ulipungua Wajerumani walipojenga boma la Iringa mwaka 1896, na hasa baada ya kodi ya kibanda kutangazwa, ambayo vijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kodi hiyo ilikusudiwa kuijaza hazina, lakini ilikusudiwa pia kuwatoa watu mashambani mwao, kwa sababu aliyekosa mazao au mifugo ya kuuza hakuwa na njia nyingine ya kupata rupia ila kuajiriwa.

Katika ngazi ya malipo ya wakati huo, askari alisimama juu sana ya watu wa kawaida. Alipata rupia 20 au zaidi kwa mwezi, ilhali kibarua wa mashamba ya kaskazini, ambako ujira ulikuwa wa juu kuliko bara, alipata takriban rupia 10 hadi 15. Pengo hilo linaeleza mengi kuhusu serikali yenyewe, ambayo ilimlipa vizuri zaidi mshika bunduki kuliko mtu yeyote aliyelima au kubeba mizigo.

Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921 na wakaendeleza utaratibu wa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30 ambayo msimamizi aliitia alama kila siku aliporidhika kwamba kazi ya siku imekamilika. Siku ya homa haikuhesabiwa, wala siku ambayo nyapara aliikataa kazi, na mshahara ulitolewa kadi ilipojaa. Kwa hiyo mtu aliyeandikiwa shilingi 12 kwa kipande, naye akakijaza kwa siku 45, kwa kweli alikuwa akipata shilingi 8 kwa kila siku 30. Pamoja na fedha alipewa posho, ambayo ilikuwa hasa unga wa mahindi, maharage na chumvi, na posho hiyo ilipimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mke na watoto walitarajiwa kulishwa na shamba la nyumbani, jambo lililomwezesha mwajiri kulipa ujira ambao familia isingeweza kuishi kwa huo pekee. Huu ndio msingi wa bei ndogo ya kazi katika nyanda hizi, na ni kosa kudhani kwamba ujira ulikuwa mdogo kwa sababu kazi yenyewe haikuwa na thamani.

Miaka ya 1930 ilidhihirisha hali hiyo kuliko kipindi kingine. Mdororo wa uchumi wa dunia uliangusha bei ya mkonge, na waajiri wa Tanga wakapunguza mishahara. Wakati huohuo bei ya dhahabu ilipanda baada ya Uingereza kuacha kuifungamanisha pauni na dhahabu mwaka 1931, na machimbo ya Lupa, wilayani Chunya, yakavuta maelfu ya vibarua. Ujira wa kibarua katika nyanda hizi kwa kawaida ulikuwa kati ya shilingi 6 na 12 pamoja na posho. Wazungu wengi wa Lupa walikuwa wachimbaji wadogo wasio na mtaji, waliotegemea kupata dhahabu ndipo walipe, na malalamiko ya mishahara isiyolipwa yalikuwa ya kawaida. Pengine waliofaidika zaidi na Lupa hawakuwa wachimbaji hata kidogo, bali wakulima wa mpunga wa bonde la Kyela na wa mahindi na maharage wa Usafwa, waliouza chakula machimboni na kulipa kodi zao bila kujaza kipande cha mtu.

Kijana asiyekuwa na mpunga wala kahawa alitazama mbali zaidi. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kiwango cha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 kilikuwa shilingi 12 na senti 50 kwa zamu 30 za kazi ya juu ya ardhi, na shilingi 22 na senti 50 kwa kazi ya chini. Aliyekubali kuingia shimoni alipata takriban maradufu ya kile ambacho mlowezi wa Iringa angempa, na kwa Wanyakyusa tofauti hiyo ilikuwa na maana ya pekee, kwani fedha ya mgodini iligeuzwa kuwa ng'ombe wa mahari. Baadaye shirika la kuandikisha wachimbaji wa migodi ya Afrika Kusini, lililojulikana kama WENELA, lilichukua watu wengi kutoka Rungwe, huku sehemu ya mshahara ikizuiliwa hadi mhusika aliporudi kwao. Uandikishaji huo ulipigwa marufuku na serikali baada ya uhuru. Wabena na wengine wa Njombe walielekea zaidi kwenye mkonge kama manamba, jina walilopewa vibarua wa mkataba kwa sababu ya namba walizoandikishwa, na tangu 1944 waliandikishwa na SILABU, ofisi ya pamoja ya wenye mashamba ya mkonge. Wenye mashamba ya chai ya Mufindi walilalamika mara kwa mara juu ya uhaba wa watu, ingawa sababu yake haikuwa fumbo kwa yeyote aliyejua viwango vya mgodini. Wanawake na watoto waliojaza pengo hilo walilipwa chini ya wanaume.

Waliojua kusoma walikuwa na njia nyingine. Shule ya serikali ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928, ilitoa vijana waliokuwa makarani na walimu, wenye mshahara wa mwezi wa kalenda na nyongeza za kila mwaka. Hata hivyo ngazi yao ilikuwa na dari, kwani mishahara ya serikali ilipangwa kwa rangi: Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilipendekeza Mwafrika mwenye cheo sawa na Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wake. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyoondoa viwango vya rangi kwenye maandishi, huku ikiwaachia wageni marupurupu ya kuwavutia.

Uhuru ulibadili mfumo wote. Kima cha chini kilichoanza mwaka 1963 kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi Dar es Salaam, na chini ya hapo katika miji midogo na mashambani. Waajiri nao wakaacha kutoa posho na wakapunguza wafanyakazi. Juu ya ngazi, Rais Nyerere, aliyepokea shilingi 5,000 kwa mwezi, alikata mshahara wake kwa asilimia 20 mwezi Oktoba 1966, na kwa hesabu aliyoitoa mwaka 1977 uwiano kati ya mshahara mkubwa na mdogo katika utumishi wa umma, baada ya kodi, ulishuka kutoka 50 kwa 1 mwaka 1961 hadi takriban 9 kwa 1. Lakini usawa huo uliwahusu waliokuwa kwenye orodha ya mishahara. Katika mashamba ya mahindi ya Isimani, vibarua walilipwa kwa ekari waliyopalilia, na mgogoro kati ya sera ya ujamaa na wakulima wakubwa waliowaajiri ulifikia kilele pale Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipouawa na mkulima Said Mwamwindi tarehe 25 Desemba 1971.

Kima cha chini cha mijini kilipanda hadi shilingi 380 mwaka 1975 na 600 mwaka 1981, lakini bei zilipanda kwa kasi zaidi, na mwalimu wa Njombe aliyekuwa na shamba la viazi alianza kulitegemea kuliko mshahara. Wasichana wa Iringa walioondoka kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam walibaki nje ya viwango hivyo kwa muda mrefu. Hata amri ya mishahara ya mwaka 2013, iliyoweka shilingi 100,000 kwa mfanyakazi wa kilimo, ilimpangia mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri shilingi 40,000, nusu ya kima cha mwenzake anayelala kwake.