Nani Humuuliza Mkulima? Historia ya Habari za Kilimo Arua na Koboko

Nchini Uganda jina la Onduparaka lilienea mwaka 2016, timu ya kitongoji hicho cha Arua ilipopanda Ligi Kuu. Waandishi wa michezo wa Kampala, ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuvuka daraja la Pakwach, walijikuta wanafunga safari ya takriban kilomita 500 kwenda kushuhudia mechi katika uwanja wa Greenlight. Sifa ile ilistahili. Hata hivyo, mashabiki waliojaza uwanja walitoka katika nyumba zinazolima muhogo, ufuta, maharagwe, mtama na, kwa miaka mingi, tumbaku. Habari za mashamba hayo ni za zamani kuliko habari za mpira, na walioziandika ni wachache. Katika kuzifuatilia nimekuwa nikijiuliza swali moja: katika kila kipindi, nani alikuwa anazungumza, na nani alikuwa ananyamazishwa?

Tuanzie 1914. Sehemu ya kusini ya eneo la Lado, lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki na kisha likawa chini ya Sudan, ilihamishiwa Uganda mwaka huo, na Arua ikawa makao ya wilaya mpya ya West Nile. Serikali ilitaka pamba, na baadaye tumbaku. Walugbara, wenyeji wa eneo la Arua, hawakuwa na watawala wakuu wa jadi wa kupelekewa amri, kwa hiyo serikali iliteua machifu na kuitisha mabaraza. Habari ya kilimo ilikuwa tangazo: pandeni hiki, leteni tarehe fulani, kodi ni kiasi hiki. Mkulima alisimama juani akasikiliza, kisha akarudi nyumbani.

Kando ya baraza kulikuwa na chombo kingine cha habari ambacho hakikuwa na leseni wala mhariri. Vijana wa West Nile walikwenda kwa maelfu kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi na katika mashamba ya Buganda. Waliporudi walileta fedha na nguo, na pia habari za bei, za mbegu na za namna wenzao wa kusini walivyokuwa wanafaidika na kahawa. Ninaamini vibarua hawa ndio waandishi wa kwanza wa habari za kilimo wa eneo hili, kwa kuwa ndio waliompa mkulima kipimo cha kulinganishia hali yake na ya wengine.

Redio ilifika Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipoanzisha huduma ya utangazaji ambayo baada ya uhuru ilikuja kuitwa Radio Uganda. Baadaye ilitangaza kwa lugha zaidi ya 20, Kilugbara kikiwamo. Kwa mkulima wa Maracha au Koboko, hata hivyo, lugha 20 katika kituo kimoja maana yake ni dakika chache kwa kila lugha. Betri nazo zilikuwa ghali. Vijijini zilianikwa juani zipate nguvu kidogo, na redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kisha ikazimwa. Bwanashamba aliyezungumza kutoka Kampala hakujua kama mvua ya Arua imenyesha.

Hapa inafaa tutupe jicho Tanzania, maana majirani walijaribu njia tofauti. Tanganyika ilikuwa na gazeti la Mambo Leo tangu 1923, na baadaye gazeti la Ukulima wa Kisasa lililoandikiwa wakulima. Mwaka 1973 Radio Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakajadiliana na kukubaliana la kufanya. Ulikuwa mpango wa serikali ya chama kimoja, na maagizo yalikuwamo. Lakini baada ya redio kuzimwa, kikundi kilibaki kikizungumza. Lugha moja iliyoeleweka nchi nzima ilirahisisha kazi hiyo kwa kiasi kikubwa.

Uganda ya miaka hiyo ilikuwa chini ya Idi Amin, Mkakwa ambaye ukoo wake unatoka Koboko. Mwaka 1973 utawala wake ulikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Huko Arua jambo hilo halikuwashangaza wengi, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya kambi za jeshi na ya sokoni, na kinasikika hadi leo kwa wafanyabiashara wanaokwenda Ariwara upande wa Kongo. Redio ya Amin ilikuwa chombo cha kutolea amri. Maofisa wa wilaya walijifunza mambo kwa kusikiliza taarifa ya habari kama raia mwingine yeyote, na swali la mkulima halikuwa na pa kuingilia. Utawala ulipoanguka 1979, West Nile ililipishwa kisasi. Mauaji ya misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, yalitokea tarehe 24 Juni 1981. Watu walikimbilia Kongo na Sudan kwa maelfu mengi, mashamba yakageuka msitu. Wengi walianza kurudi baada ya 1986, na walirudi bila mbegu, bila mifugo na bila mtu wa kuwaeleza lolote.

Kisha ukaja muhogo kuugua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilienea Uganda kutoka maeneo ya kati na kaskazini, ikala zao ambalo kwa Mlugbara ni chakula cha kila siku, unga wake ukichanganywa na wa mtama au ulezi. Majani hujikunja, hupata mabaka ya manjano, na mizizi hubaki myembamba. Watafiti wa kituo cha Namulonge walitoa aina zinazostahimili, zilizopewa jina la NASE. Lakini pingili za muhogo haziuzwi dukani kwa pakiti. Hupita kutoka jirani kwenda kwa jirani, na ugonjwa hupita nazo. Tatizo la namna hiyo linahitaji habari iende kasi kuliko pingili, na kwa miaka kadhaa habari ilichelewa.

Mlango ulifunguka serikali ilipolegeza masharti ya utangazaji. Mwishoni mwa 1993 vituo vya kwanza vya binafsi vilianza Kampala, na sheria ya vyombo vya utangazaji ikapitishwa 1996. Arua ilipata Voice of Life, Arua One, Nile FM na vingine. Mwaka 2004 Jimbo Katoliki la Arua lilizindua Radio Pacis, iliyoasisiwa na padri Mkomboni kutoka Italia, Tonino Pasolini, pamoja na wenzake. Ilianza kutumia masafa ya 90.9 kwa Kilugbara na Kiingereza, kisha ikaongeza 94.5 kwa Kikakwa, Kimadi na Kialur. Mwaka 2007 ilitunukiwa na BBC tuzo ya kituo kipya bora barani Afrika. Tuzo ni jambo jema, lakini mimi navutiwa zaidi na uamuzi ule wa kutenga masafa. Mkakwa wa Koboko alipata saa nzima za lugha yake, si dakika zilizobaki baada ya wengine kumaliza.

Nieleze kwa karibu kwa nini lugha na muda vina uzito. Mwaka 2004 watafiti waliukuta tena Uganda ugonjwa mwingine wa muhogo, michirizi ya kahawia. Batobato unaiona kwenye jani ukiwa barabarani. Michirizi hujificha: shamba linaweza kuonekana limestawi, kumbe mizizi imeoza kwa ndani, ina madoa makavu ya rangi ya kutu. Mtangazaji hana picha. Lazima amwambie msikilizaji ang'oe mmea mmoja, aukate mzizi vipande kwa kisu, atazame moyo wake. Na hayo ayaseme kwa maneno ambayo mama wa Onduparaka hutumia akiwa na kisu hicho mkononi. Kisha anyamaze apokee simu. Atapiga mtu aseme kwake madoa ni meusi. Mwingine atauliza kama muhogo huo unaweza kulishwa mbuzi. Wa tatu atasema aliletewa pingili na mradi na zote zimeoza. Simu hiyo ya tatu ndiyo habari. Mtaalamu kutoka kituo cha utafiti cha Abi, kilichopo Arua, akiwa studioni ataijibu papo hapo na kesho yake anajua pa kwenda.

Ushahidi wa jambo hili upo nje ya West Nile pia. Shirika la Farm Radio International, lililotokana na kazi ya mtangazaji wa Kanada George Atkins, aliyeanza kuwatumia watangazaji maandiko ya vipindi vya kilimo mwaka 1979, liliendesha utafiti kati ya 2007 na 2010 katika Uganda, Tanzania, Malawi, Mali na Ghana. Vijiji vilivyoshirikishwa kuandaa vipindi vilijaribu mbinu mpya kwa wingi kuliko vile vilivyosikiliza tu.

Kuna zao moja ambalo habari zake zilikuwa chache mno kwa ukubwa wake. Tumbaku ilikuwa ndiyo fedha ya West Nile kwa vizazi. Kampuni ilimkopesha mkulima mbegu, mbolea na dawa. Mkulima alipanda, akavuna, akakata kuni nyingi za kukaushia majani. Siku ya kuuza alifungua furushi lake mbele ya mchambuzi wa kampuni, ambaye aligusa jani, akatazama rangi, akataja daraja. Daraja lilileta bei, bei ilikatwa mkopo, na kilichosalia ndicho kilikuwa ada ya shule. Kazi ya mwaka mzima iliamuliwa kwa dakika chache na mtu mmoja. Hapo ndipo mwanahabari mwenye kinasa sauti alihitajika kuliko mahali pengine popote: aulize vigezo vya madaraja, alinganishe bei za vituo viwili, ahesabu miti. Hilo lilifanyika kwa nadra. British American Tobacco ilipoacha kununua majani katika miaka ya 2010, na Bunge likapitisha sheria ya kudhibiti tumbaku 2015, wakulima wengi walikuwa hawajaandaliwa kwa mjadala wa nini kifuate. Hili naliona kuwa pengo kubwa kuliko yote katika historia hii.

Koboko ina mahitaji yake. Wilaya hiyo, iliyoundwa 2005, inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na bei ya mahindi au maharagwe huamuliwa zaidi na hali ya barabara ya Kaya na Juba kuliko na mvua. Vita vilipolipuka tena Sudan Kusini Julai 2016, wanunuzi walitoweka na wakimbizi wakaja. Bidibidi, katika wilaya jirani ya Yumbe, ikawa miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Mkulima wa Koboko anahitaji habari ya mpaka kabla hajapakia gunia. Kwake habari za kilimo na habari za vita ni kitu kimoja.

Serikali nayo imebadilisha mipango: huduma ya ugani ya NAADS mwaka 2001, kisha wanajeshi wa Operation Wealth Creation wakigawa miche, na tangu 2022 Parish Development Model, ambayo chini yake kila parokia ya kiutawala hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kila mpango umetangazwa redioni kwa wingi. Wanahabari wa mikoani, kwa sifa yao, wamefuatilia miche iliyofika mvua zikiwa zimekatika na orodha za wanufaika zenye majina ya kutiliwa shaka. Wanafanya hivyo katika mazingira magumu. Vituo huishi kwa kuuza muda wa hewani, na mnunuzi wa muda wa kilimo mara nyingi ni shirika lenye mradi au kampuni yenye mbegu. Mwandishi anayelipwa kwa kila habari huenda kijijini akipata nauli, na nauli mara nyingi hutoka kwa yule anayepaswa kuulizwa maswali. Si haki kumlaumu kijana huyo peke yake. Wenye vituo na wafadhili ndio wanaopaswa kuweka fungu la usafiri lisilo na masharti.

Wanawake nao, ambao ndio hupalilia, huvuna na kukausha muhogo juu ya miamba, mara nyingi hawamiliki redio wala simu ya kupigia studio, na kipindi kikirushwa jioni huwakuta jikoni. Kituo kinachotaka kuwasikia hakina budi kuwafuata walipo.

Nimalizie kwa ombi la urithi. Mwaka 2018 hifadhi ya picha za shirika la utangazaji la Uganda ilianza kuwekwa katika mfumo wa kidijitali, na 2019 Makumbusho ya Uganda yakaonyesha picha za enzi za Amin zilizokuwa zimefichika kwa miongo. Sauti za wakulima wa West Nile zinastahili uangalizi huo huo. Vipindi vya kilimo vya Kilugbara, Kikakwa, Kimadi na Kialur vya miaka zaidi ya ishirini vina majina ya mbegu, ya wadudu na ya misimu ambayo hayapo katika kitabu chochote. Vituo vya Arua na Koboko vivihifadhi badala ya kuvifuta, na Chuo Kikuu cha Muni, kilichopo hapo hapo Arua, kikubali kuvitunza. Na wewe msomaji, ikiwa una kanda ya zamani nyumbani iliyorekodiwa kutoka redioni, usiitupe. Ipeleke kituoni au chuoni kabla haijaharibika.