Kioo kilichomfuta kazi utingo wa angani

Machi 2027 itatimia miaka 100 tangu rubani Mjerumani Gerhard Fieseler aikokote angani kwa kamba glaida ya Gottlob Espenlaub, huko Kassel. Glaida ni ndege isiyo na injini. Kabla ya hapo ilirushwa kutoka kilimani, watu wakivuta mpira kama wa manati. Tangu siku ile ikapata punda wa kuipandisha hadi mawinguni.

Watakaoadhimisha watawakumbuka marubani hao wawili, na ni haki yao. Mimi nakisemea kidude kisichosemewa na mtu, kile ambacho madereva wetu hukiita saiti mira.

Rubani anayevuta hutazama mbele, na mzigo wake uko mita 50 au 60 nyuma ya mkia. Glaida ikishindwa kuachia kamba, hujitokeza pembeni na kutikisa mabawa. Ni ishara ya bubu kwa mtu aliyekupa kisogo. Ili aione, ama rubani ageuze shingo kila mara, ama abebe mtu wa kumtazamia, ama afunge kioo.

Suala la mtu wa kutazama nyuma liliwahi kuzua ugomvi mkubwa, tena ardhini: Indianapolis, Marekani, tarehe 30 Mei 1911. Magari 40 yalijipanga kwa mbio za maili 500. Desturi ilikuwa dereva kukaa na fundi ubavuni, wa kuangalia mafuta na kumpasha habari za wanaokuja nyuma. Utingo hasa. Ray Harroun akatokea na Marmon Wasp, gari la njano lenye mkia uliochongoka na kiti kimoja tu. Wenzake wakaja juu: mtu huyu haoni nyuma, atasababisha maafa. Jibu la Harroun likawa kioo cha upana wa sentimita 20 hivi, alichokisimamisha mbele ya macho yake. Wazo, alisema, alilitoa Chicago mwaka 1904, alipokiona kioo cha namna hiyo kwenye gari la farasi.

Akaruhusiwa, akashinda, kwa wastani wa kama kilomita 120 kwa saa. Ndipo sifa zote za kioo cha nyuma zikamwendea yeye, ingawa Mwingereza Dorothy Levitt, katika kitabu chake cha 1909, alikwisha kuwashauri wanawake wanaoendesha gari wawe na kioo cha mkononi cha kutazamia nyuma. Utamu wa kisa uko mwishoni. Miaka mingi baadaye Harroun alikiri kwamba juu ya barabara ile ya matofali kioo kilitikisika mno, asione kitu. Wapinzani wake walikuwa wamenyamazishwa na kioo kipofu!

Angani utingo alidumu zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Uingereza aina ya Halifax zilizovuta glaida za Horsa zilikuwa na mpiga bunduki mkiani, na waya wa simu uliambatana na kamba ili marubani wa pande mbili wasemezane. Kisha mwaka 1959 ikaja Piper Pawnee, ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, yenye kiti kimoja. Vilabu vya glaida vikaipenda kwa nguvu zake. Utingo hakuwa tena na pa kukaa, kazi yake ikabaki kwa kioo.

Wapo wanaokibeza. Glaida ikipaa ghafla juu ya mvutaji, huunyanyua mkia wake, na ndege iliyo mbele huinamisha pua ndani ya sekunde chache tu. Waingereza walilithibitisha hilo kwa majaribio. Utakapoiona kiooni, wanasema, mkono hauwahi kufika kwenye kishikio cha kuachia kamba. Ni kweli. Lakini kazi kubwa ya kioo hufanyika kabla ya balaa: kuona kamba imekaza, kuona breki za hewa za glaida zimesahaulika wazi, na kumwashiria mwenzako kwa kutikisa usukani wa mkia.

Siku hizi wengine wanafunga kamera, na skrini ndogo mbele ya rubani. Sina ugomvi nazo. Ila siku skrini itakapozimika hewani, rubani atageuza shingo.