Historia Fupi ya Neno "Smirk"

Neno la Kiingereza "smirk" leo humaanisha tabasamu la majivuno au la kebehi. Asili yake haikuwa na kasoro hiyo: katika Kiingereza cha Kale, kabla ya mwaka 1100, "smearcian" ilikuwa kutabasamu tu. Baadaye, katika Kiingereza cha Kati, likazuka "smile", ambalo wanaisimu aghalabu hulihusisha na lugha za Skandinavia. Mgeni akatwaa maana ya jumla. Mwenyeji akaachiwa ubaya. Sisi nasi "tabasamu" tumelipata kutoka Kiarabu, lakini "kucheka" halikushushwa hadhi. Basi wanaodai kwamba neno la kigeni daima hulidhulumu la kienyeji wanatia chumvi. Hata hivyo, mfasiri anayeandika "tabasamu" peke yake mahali pa "smirk" humrudisha msomaji kwenye Kiingereza cha Kale.