Columbo: Mpelelezi Aliyeishi kwa Kudharauliwa

Anayeitazama Columbo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani amekosea kipindi. Robo saa inapita, pengine zaidi, na mpelelezi hajaonekana. Anayeonekana ni muuaji: daktari bingwa, kiongozi wa okestra, mkuu wa chuo cha kijeshi. Anapanga, anaua, anafuta alama na kujitengenezea ushahidi kwamba saa ile alikuwa mahali pengine. Yote tumeyaona. Ndipo anapoingia Columbo, luteni wa polisi, mtu mfupi mwenye koti la mvua lililokunjamana, katika jiji la Los Angeles ambako mvua yenyewe ni ya kubahatisha, akijipapasa mifukoni kutafuta kalamu.

Sisi tuliokua na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tumezoea kuvumilia hadi kurasa za mwisho ndipo tumjue aliyeua. Huku mambo yamepinduliwa. Mwingereza R. Austin Freeman alikuwa ameijaribu mbinu hiyo kwenye kitabu chake The Singing Bone cha mwaka 1912, lakini Columbo ndiyo iliyoifikisha sebuleni mwa mamilioni. Muuaji tunamjua, tunachongoja ni kuona atanaswa vipi. Na karibu kila mara kinachomnasa ni dharau yake mwenyewe.

Waliomtunga luteni huyu ni Richard Levinson na William Link, marafiki waliokutana wakiwa wanafunzi mjini Philadelphia na kuandika pamoja mpaka Levinson alipofariki mwaka 1987. Baadhi ya tabia zake walizitoa kwa Porfiry Petrovich, yule mchunguzi wa Dostoevsky katika Crime and Punishment, anayezungukazunguka kwa maneno mpaka mshukiwa achoke. Columbo alitokea kwanza kwenye televisheni mwaka 1960, akiigizwa na Bert Freed, na hakuna aliyeshtuka. Mwaka 1962 akapanda jukwaani katika mchezo wa Prescription: Murder, safari hii akiigizwa na Thomas Mitchell, mzee aliyekwisha kushinda Oscar.

Katika kuuandika mchezo huo ndipo ilipozaliwa ile tabia inayomtambulisha hadi leo. Link alisimulia kwamba onyesho moja lilikuwa fupi mno, na Columbo alikwisha kutoka mlangoni. Enzi hizo ni za taipureta; kuongeza maneno katikati kulimaanisha kupiga upya kurasa nzima. Wakaona uvivu. Wakamrudisha tu mlangoni, mkono kichwani, aseme kuna jambo moja dogo amelisahau. Hila hiyo ndiyo iliyowamaliza wauaji wa miaka thelathini na ushei: mtu ameshashusha pumzi, ameshaanza kujimiminia kinywaji, na mlango unafunguka tena.

Mchezo ulipotengenezwa filamu ya televisheni mwaka 1968, mwimbaji Bing Crosby alipewa nafasi ya Columbo akaikataa. Ikamwangukia Peter Falk, aliyekuwa na miaka 40. Falk alipoteza jicho la kulia akiwa na miaka mitatu kwa saratani, akavaa la bandia maisha yake yote. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alipokuwa shule, refa wa besiboli alimhukumu vibaya, naye akalitoa jicho akampa, labda litamsaidia zaidi. Kabla ya kuigiza alikuwa mpishi melini, kisha mtumishi wa ofisi ya bajeti ya jimbo la Connecticut. Koti lile lilikuwa lake, alilinunua New York. Gari la Columbo, Peugeot 403 iliyochoka, aliichagua mwenyewe kwenye karakana ya studio.

Mfululizo wenyewe ulianza kituo cha NBC tarehe 15 Septemba 1971 kwa filamu ya Murder by the Book, iliyoongozwa na kijana wa miaka 24 ambaye hakuwa na jina, Steven Spielberg. Gari linapanda barabarani na hatusikii injini, tunasikia taipureta tu, ya mtu anayekwenda kuuawa. Hadithi ni ya waandishi wawili wa vitabu vya upelelezi, mmoja asiyeandika chochote akimuua anayeandika. Sijui Levinson na Link walitazamana vipi walipoisoma.

Lakini kama una jioni moja tu, tazama Any Old Port in a Storm ya mwaka 1973. Donald Pleasence ni Adrian Carsini, mtengenezaji wa mvinyo ambaye ndugu yake wa baba mmoja anataka kuuza kampuni. Adrian anampiga, anamfunga ghalani kwenye chupa zake za thamani, anazima kiyoyozi ili hewa imwishie, kisha anapanda ndege kwenda mnadani New York. Anaporudi anaivisha maiti vazi la mzamiaji na kuitupa baharini.

Columbo hajui chochote kuhusu mvinyo. Anakwenda kujifunza, na Adrian, kwa kuwa hakuna anachokipenda kuliko kufundisha mvinyo, anamfundisha. Baadaye luteni anamwalika mkahawani na kuagiza chupa ya zamani sana. Adrian anaonja, anawaka, anawafokea wahudumu: mvinyo huu umeharibiwa na joto! Hakuna mwingine mezani aliyegundua. Ni baada ya hapo ndipo anapoambiwa kwamba chupa ile Columbo aliichukua kutoka ghala lake mwenyewe. Wakati yeye yuko New York, siku moja joto lilikuwa kali mno, na kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Ulimi wake umemshuhudia. Wanaagana ndani ya ile Peugeot wakinywa pamoja, na nadhani hapo ndipo mfululizo huu unapofika juu kabisa: Columbo anamheshimu mtu anayempeleka gerezani.

Wauaji wengine hawapati heshima hiyo, wala hawaistahili. Wanamwonyesha mlango, wanamcheka koti na sigara yake nene, wanamjibu maswali ili waonekane werevu, na kila jibu ni uzi mwingine anaousokota. Patrick McGoohan aliigiza muuaji mara nne, akapata tuzo mbili za Emmy; Falk alipata nne kwa uhusika huu. Mwimbaji Johnny Cash naye aliigiza muuaji, mwaka 1974, gitaa mkononi.

NBC iliacha mwaka 1978. Ikajaribu kumpa kipindi mke wa Columbo, anayetajwa kila mara na haonekani kamwe, na jaribio hilo likafa haraka, kwa haki kabisa. ABC ilimrudisha luteni kuanzia 1989 mpaka 2003. Jumla ni filamu 69, na za awali 45 ndizo za kutafuta kwanza.

Jina la kwanza la Columbo halitamkwi. Mwandishi mmoja wa kamusi ya mambo madogomadogo, Fred Worth, alibuni "Philip" na kulichomeka kitabuni mwake kama mtego wa wezi. Watengenezaji wa mchezo wa Trivial Pursuit wakalinakili, naye mwaka 1984 akawadai mahakamani dola milioni 300. Alishindwa: mahakama iliona kwamba taarifa tupu hazina mwenyewe. Ukiisimamisha picha Columbo anapoonyesha kitambulisho chake, utasoma Frank.